Mgeni Kashikishi hana kinga ya mwenyeji

NCHELENGE, Zambia – Anayefika soko la Kashikishi kununua chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, huwashangaa wenyeji: wameumwa na mbu usiku kucha, asubuhi wako mtumbwini. Si kwamba ni chuma.

Anayesomea shahada ya baiolojia ya seli hufundishwa sababu yake. Mbu akiuma, vimelea hukimbilia seli za ini na kujificha kama wiki moja bila dalili yoyote. Kisha huvamia chembe nyekundu za damu na kuzipasua kila baada ya saa 48 hivi. Hapo ndipo homa huanza. Mwili uliozoea kuambukizwa tangu utotoni hujua kuvibana, ingawa vimo. Mfanyabiashara wa Arusha hana mazoezi hayo, na hata mwenyeji akihama miaka kadhaa, sehemu ya kinga hiyo humtoka.

Watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola wanaijua vizuri Nchelenge. Hapa malaria haina likizo, kwani mbu wake mkuu, Anopheles funestus, huzaliana kwenye maji ya kudumu yenye majani.

La kuwafaa wasafiri ni hili: kipimo cha haraka hutafuta protini ya kimelea, nayo huweza kubaki damuni wiki kadhaa baada ya kupona. Ukipimwa Pweto baada ya kutibiwa Nchelenge, taja tarehe uliyomaliza dawa, uombe na hadubini. Homa ikikukuta nyumbani wiki mbili baadaye, sema ulikuwa Mweru.