Mkutubi wa shule na amana ya vitabu

Maneno kitabu, katibu, maktaba na mkutubi yamezaliwa na mzizi mmoja wa Kiarabu, nao ni mzizi wa kuandika. Katika jamaa hiyo ya maneno, mkutubi ndiye asiyefahamika sana majumbani mwetu. Mzazi anamjua mwalimu mkuu, anamjua mwalimu wa darasa, anamjua hata mlinzi wa lango. Lakini ukimuuliza ni nani aliyeshika ufunguo wa chumba cha vitabu katika shule ya mwanawe, aghalabu hana jibu. Leo tumekusudia kumzungumzia mtu huyo, na mfano wetu ni mkoa wa Mara, katika Musoma, Bunda na Butiama, kwa sababu huko historia ya elimu ya nchi yetu imeacha alama zilizo wazi.

Ni nani huyu?

Katika miaka ya mwisho ya ukoloni Tanganyika ilikuwa na shule zilizoitwa shule za kati, yaani darasa la tano hadi la nane. Jina hilo limekwisha, lakini watoto wa umri ule wapo. Leo wamegawanyika baina ya madarasa ya juu ya shule ya msingi na vidato vya mwanzo vya sekondari. Umri huo ni mzito kuliko wazee wengi wanavyodhani. Mtoto wa shule ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili mpaka amalize elimu ya msingi, kisha aingiapo kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Huko nyumbani huenda lugha yake ni Kijita, Kizanaki, Kikurya au Kijaluo. Daraja la kumvusha kutoka lugha moja hadi nyingine ni kusoma, na kusoma kunataka vitabu mbali na vile vya darasani.

Nchi yetu ina Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo asili yake ni sheria ya mwaka 1963, na chuo cha kuwafunza wakutubi kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1989. Hata hivyo, shule nyingi hazina mkutubi aliyesomea kazi hiyo. Anayeifanya ni mwalimu mwenye vipindi vyake vya Kiswahili, historia au jiografia, ambaye siku moja mkuu wa shule alimkabidhi ufunguo na daftari. Basi kila tutakapotaja mkutubi, tunamkusudia zaidi mwalimu huyo.

Siku yake

Kazi yake huanza kabla ya kipindi cha kwanza. Hufungua madirisha, hupangusa vumbi, kisha hukagua kuta na miguu ya rafu, kwani mchwa hawapumziki usiku. Katika shule iliyo karibu na ziwa huutazama pia unyevu, maana kurasa zilizolowa hushikana na kuota ukungu. Baada ya hapo hukimbilia darasani kufundisha kama walimu wenzake.

Wakati wa mapumziko ya asubuhi ndipo watoto hufika. Mmoja anataka kamusi, mwingine anataka kitabu cha hadithi, wa tatu hajui anachotaka ila ameona wenzake wameingia. Huyo wa tatu ndiye mtihani wa mkutubi. Akimwambia tu kwamba chumba hiki si cha kuchezea, amempoteza. Akimuuliza anapenda nini, akamtolea kitabu chembamba chenye picha au kisa cha wanyama, huenda amempata msomaji wa maisha. Kwa mtoto anayepambana na Kiingereza cha kidato cha kwanza, hekima ni kumpa kitabu chepesi kuliko darasa lake, akimalize na kufurahi, ndipo apewe kingine.

Mchana kuna kazi isiyoonekana. Vitabu vipya vya kiada na vya ziada vikiletwa, lazima vihesabiwe, vigongwe muhuri, viandikwe katika leja na kupewa namba. Vilivyochanika hushonwa kwa uzi au kubandikwa kwa gundi. Jioni yake ni ya daftari la kuazimia: nani amechukua, lini, na nani amepitisha siku. Mwisho wa muhula huhesabu upya kila nakala, na hapo ndipo usingizi humruka.

Woga wa leja

Humruka kwa sababu leja haijui kusamehe. Imeandikwa nakala arobaini, zimeonekana thelathini na nne. Mkaguzi atauliza sita ziko wapi, na mwalimu huyu, ambaye kwa kawaida halipwi nyongeza yoyote kwa kazi ya maktaba, ndiye atakayejibu. Baada ya kuulizwa hivyo mara mbili au tatu, mtu hujifunza njia iliyo salama kwake, nayo ni kufunga kabati. Vitabu vikikaa ndani havipotei, hesabu inalingana, na mgeni akija anaoneshwa rafu zilizojaa vitabu vinavyong'aa kama vilivyotoka kiwandani jana.

Woga huo una wenzake wawili. Mtoto naye anaogopa, kwani amesikia kwamba kitabu kikipotea mzazi ataitwa. Mzazi naye anaogopa gharama, akamwambia mwanawe asilete kitabu cha shule nyumbani. Hivyo watu watatu, kila mmoja akitaka usalama, wamekubaliana bila kukaa kikao kwamba kitabu kisisomwe.

Wadia au ariya?

Hapa elimu ya fiqhi inatusaidia kulitazama jambo hili kwa jicho safi. Wanavyuoni wametenganisha mali zinazowekwa mkononi mwa mtu asiyekuwa mwenyewe. Ipo wadia, nayo ni mali uliyowekewa uihifadhi. Huna ruhusa ya kuitumia, na wajibu wako ni kuirejesha kama ilivyo. Na ipo ariya, nayo ni kitu ulichoazimwa ili unufaike nacho kisha ukirudishe. Katika wadia kutumia ni hiana. Katika ariya kutumia ndilo kusudio lenyewe.

Kabati lililofungwa mwaka mzima limeigeuza ariya ikawa wadia. Vitabu vya shule havikununuliwa vitunzwe vikiwa vipya. Vimenunuliwa visomwe, na mwenye haki ya kuvisoma ni mtoto. Mkutubi anayevificha kwa nia njema amelinda karatasi, lakini mwenye haki hajaifikia haki yake.

Fiqhi haikuacha pia suala la hasara. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, aliyeazima hudhamini kitu kikipotea mkononi mwake. Lakini kile kilichochakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa, hakidhamini. Wanavyuoni wa Kihanafi wao husema halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Kwa kauli zote mbili, ukurasa uliolegea kwa kufunuliwa mara nyingi si deni la mtoto wala si kosa la mwalimu. Ni alama kwamba kitabu kimefanya kazi yake. Tunashauri wakuu wa shule na wakaguzi wavitenge katika hesabu zao vitabu vilivyochakaa na vile vilivyopotea, wala mwalimu asiulizwe kwa vyote viwili kwa sauti moja.

Si fiqhi pekee iliyosema hivi. Mtaalamu wa Kihindi wa ukutubi, S. R. Ranganathan, alipotoa kanuni zake tano mwaka 1931, ya kwanza aliyoitanguliza ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa.

Kitabu kilichongoja miaka 35

Atakaye kuona hasara ya kitabu kukaa gizani asiende mbali. Kutoka Bunda, ukifika Kisorya ukavuka kwa kivuko, unaingia Ukerewe. Huko aliishi Aniceti Kitereza, ambaye mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisa cha mume na mke waliokosa mtoto kwa muda mrefu, chenye habari tele za mila, kilimo na dawa za watu wa kando ya ziwa. Hakupata mchapishaji. Akiwa mzee aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980. Mwaka 1981 mtunzi akafariki dunia. Miaka 35 hazina ile ilikuwapo, na wasomaji hawakunufaika nayo. Ikiwa leo nakala yake imo katika kabati lililofungwa ng'ambo tu ya maji ya Ukerewe, basi tumemrudisha mzee yule katika kungoja kule kule.

Upande wa Butiama kuna mfano wa kinyume chake. Mtoto aliyezaliwa huko mwaka 1922 alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Huyo ni Julius Nyerere. Lugha ya Kiingereza haikuwa ya nyumbani kwao, lakini kwa kusoma aliimudu hata akazifasiri tamthilia mbili za Shakespeare, moja ikatoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Na ni Musoma hiyo hiyo ambako Halmashauri Kuu ya TANU, mwezi Novemba 1974, ilipitisha azimio la kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977. Azimio la Musoma liliwafungulia watoto mlango wa darasa. Mlango wa maktaba uliobaki ni mdogo zaidi, na ufunguo wake uko mfukoni mwa mwalimu tuliyemweleza.

Wajibu wa wazazi

Mwalimu huyo hatafungua peke yake iwapo sisi wazazi hatumwondolei woga. Kwanza, mtoto akileta kitabu tumtafutie mahali pakavu pa kukiweka, mbali na jiko na watoto wachanga, na tukivike jalada la karatasi ya kalenda ya zamani. Pili, tumpe nusu saa ya mwanga kabla ya kulala, hasa binti, ambaye kazi za nyumbani humla saa zote mpaka giza linaingia. Tatu, kitabu kikipotea kwa uzembe wetu, tuende shuleni wenyewe tukaseme na tulipe kwa kadiri ya uwezo, badala ya kumwachia mtoto aibu na mwalimu hesabu.

Na nne, katika mkutano wa wazazi, kamati au bodi ya shule inapotutangazia kuwa maktaba ina vitabu vingi, tusitosheke na idadi hiyo. Tuulize ni vingapi vilivyoazimwa mwezi uliopita, na mwalimu wa maktaba amepunguziwa vipindi vingapi ili apate kuviazimisha. Jibu la maswali hayo mawili ndilo litakalotuonesha kama shule ina maktaba au ina ghala.