Albamu Iliyozaliwa Katika Nyumba Zilizovunjika

Akina mama wengi wanajua jinsi ilivyo vigumu kufanya kazi na mtu mliyekosana naye. Ukikosana na jirani, unaweza kupita njia nyingine. Ukikosana na mwenzako wa duka au wa shamba, mtakutana tena kesho asubuhi, mtake msitake. Je, inakuwaje basi pale mtu huyo alipokuwa mume wako, na kazi yenyewe ni kuimba pamoja?

Safari hii tunawaletea habari za bendi ya Fleetwood Mac na albamu yao iitwayo Rumours, maana yake uvumi. Albamu hiyo ilitoka tarehe 4 Februari 1977, na hadi leo zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 40 duniani kote. Wengi waliozisikia nyimbo zake redioni hawajui zilitengenezwa katika hali gani. Tunaamini kuna mengi ya kutafakari humo kwa kila mwenye familia na kila mwenye kazi.

Watu watano, nyumba tatu

Bendi hii ilianzishwa Uingereza mwaka 1967. Mpiga ngoma ni Bw. Mick Fleetwood, na mpiga gitaa la besi ni Bw. John McVie, jina la bendi limetokana na majina yao wawili. Mwaka 1968 Bw. McVie alimwoa Bi. Christine Perfect, mwimbaji na mpiga piano, ambaye baadaye aliingia katika bendi na kujulikana kama Christine McVie.

Baada ya kuhamia California, Marekani, bendi ilipungukiwa na mpiga gitaa. Bw. Fleetwood akasikia kazi ya kijana mmoja, Lindsey Buckingham, akamwita. Kijana akajibu kwamba haji peke yake. Mchumba wake, Bi. Stevie Nicks, lazima aje pia. Wakati huo Bi. Nicks alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia mezani na kusafisha nyumba za watu ili wawili hao wapate kodi ya nyumba na chakula. Wote wawili wakakubaliwa, na albamu ya kwanza ya watu hao watano ikatoka mwaka 1975. Ilipanda polepole, na mwaka uliofuata ikafika nafasi ya kwanza Marekani.

Lakini wakati mambo ya nje yalipokuwa yakinyooka, ya ndani yalikuwa yakipinda. Bw. McVie alikuwa mnywaji sana, na mkewe alichoka. Wakaachana baada ya miaka kama 8 ya ndoa. Bw. Buckingham na Bi. Nicks nao walikuwa wakivunja uchumba wao wa miaka mingi. Naye Bw. Fleetwood alikuwa katika talaka na mkewe, Bi. Jenny Boyd, aliyemzalia watoto wawili wa kike. Basi katika watu watano, hapakuwa na hata mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa salama.

Chumba kisicho na madirisha

Mapema mwaka 1976 waliingia studio iitwayo Record Plant, katika mji mdogo wa Sausalito, karibu na San Francisco. Studio ilikuwa ya mbao, haina madirisha, na ilikuwa vigumu kujua kama nje ni usiku au mchana. Wanaume walikaa katika nyumba iliyotolewa na studio. Akina mama wawili hawakutaka kukaa humo. Wakapanga kwao karibu na bandari. Uamuzi huo mdogo ulisaidia. Baada ya kazi kila mmoja alipata mahali pa kupumua, na wale wanawake wawili walipata wa kuzungumza naye.

Ndani ya studio, walioachana waliweza kupitisha siku bila kuzungumza neno lisilohusu muziki. Yale wasiyoweza kuambiana usoni waliyatia katika nyimbo. Bw. Buckingham alitunga “Go Your Own Way” kumhusu Bi. Nicks. Ndani yake mna mstari ambao Bi. Nicks aliona unamsingizia. Alimwomba autoe, hakukubali. Hata hivyo Bi. Nicks alisimama mbele ya kipaza sauti akauitikia wimbo huo, na akaendelea kuuitikia jukwaani kwa miaka mingi.

Yeye naye alikuwa na jibu lake. Siku moja, ambapo hakuhitajika kurekodi, alichukua kinanda kidogo akaingia chumba kingine cha studio hiyo, akatunga “Dreams” kwa muda wa dakika 10 hivi. Halafu akampelekea yule yule Bw. Buckingham, ambaye ndiye aliyeupanga muziki wake hadi ukapendeza. Mwaka 1977 wimbo huo ulifika nafasi ya kwanza Marekani, na ndio wimbo pekee wa bendi hiyo uliowahi kufika hapo.

Fikiria pia hali ya Bw. McVie. Mkewe wa zamani alitunga “You Make Loving Fun” kumhusu mpenzi wake mpya, aliyekuwa mfanyakazi wa taa za jukwaani wa bendi hiyo hiyo. Ili kuepusha ugomvi, Bi. Christine alimwambia Bw. McVie kwamba wimbo unamhusu mbwa wake! Bw. McVie akaupigia besi, na kuupigia vizuri. Bi. Christine vile vile alitunga “Don't Stop” kumtia moyo yeye baada ya kuachana, kwamba atazame mbele.

Wimbo wa usiku mmoja

Pamoja na uchungu wote huo, palikuwa na nyakati za utulivu. Usiku mmoja wimbo mzima ulimjia Bi. Christine, maneno na sauti, kwa muda wa nusu saa. Hakuwa na kinasa sauti, naye aliogopa kwamba akilala atausahau. Basi akakesha akiupiga tena na tena mpaka kulipokucha na studio kufunguliwa. Wimbo huo ni “Songbird”.

Mtayarishaji wao, Bw. Ken Caillat, aliona kwamba wimbo kama huo unataka ukumbi mkubwa, si chumba kile cha mbao. Tarehe 3 Machi 1976 walikodi ukumbi wa Zellerbach mjini Berkeley. Waliweka maua ya waridi juu ya piano ili kumpa mwimbaji moyo, wakarekodi usiku, ukumbi ukiwa mtupu.

Kanda iliyochakaa

Siku zile muziki ulirekodiwa kwenye kanda pana ya sumaku, yenye njia 24 za sauti. Kila kanda inapopita kwenye mashine, unga wa sumaku unapukutika kidogo kidogo. Hawa walirudia rudia mno, miezi kwa miezi, hata siku moja mafundi wakagundua kwamba ngoma hazisikiki tena vizuri. Kazi ya karibu mwaka mzima ilikuwa hatarini.

Bahati njema, siku za kwanza walikuwa wamerekodi kwa mashine mbili kwa pamoja, na kanda za pili zilikuwa hazijaguswa. Ilibidi fundi hodari aweke ngoma za kanda nzima katika sikio moja na za kanda iliyochakaa katika sikio la pili, huku akiongeza na kupunguza mwendo wa mashine kwa mkono mpaka zikaenda sawa. Hivyo ndivyo albamu ilivyookolewa. Wimbo “The Chain” nao uliunganishwa kutoka vipande mbalimbali vya kanda vilivyokatwa kwa wembe, na ndio pekee katika albamu ulioandikwa kwa majina ya watu wote watano.

Palikuwa na machozi mengine pia. Bi. Nicks alitunga wimbo “Silver Springs” na kumpa mama yake haki za wimbo huo kama zawadi. Lakini santuri ina mpaka. Ukizidisha dakika kila upande, sauti inafifia. Wimbo huo mrefu uliondolewa, naye akaelezwa habari hiyo katika uwanja wa kuegesha magari. Ulikuja kutolewa upande wa pili wa santuri ndogo tu. Miaka 20 baadaye, mwaka 1997, bendi iliurekodi upya mbele ya watu, na ndipo ulipopata heshima yake.

Faida na gharama

Jina la albamu lilitolewa na Bw. McVie, kwa kuwa kila mtu alikuwa akiandika habari za mwenzake. Ilipotoka, ilikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma 31, na mwaka 1978 ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Lakini tusidanganyane. Mafanikio hayo hayakurudisha ndoa hata moja. Bw. Fleetwood na Bi. Boyd walioana tena, wakaachana tena. Kokeini, ambayo ilitumika sana katika studio zile, iliendelea kuwafuata. Mwaka 1986 Bi. Nicks alilazimika kwenda kutibiwa, na tangu hapo amewaonya vijana waziwazi. Anayefikiri kwamba dawa ndizo zilizoleta nyimbo zile nzuri na atazame kanda: dawa zilileta usiku mrefu na kurudia rudia bila mwisho. Nyimbo zilitoka kwa watu waliojua kazi yao.

Je, sisi tunajifunza nini? Kwanza, kukosana na mtu si sababu ya kuharibu kazi yake. Bw. Buckingham angeweza kuuacha wimbo wa Bi. Nicks ulale, aliupamba. Pili, mahali pa kupumzika mbali na ugomvi ni jambo la lazima, wala si anasa. Tatu, kusema kweli kwa njia ya kazi kunaweza kutuliza moyo, lakini hakuchukui nafasi ya mazungumzo yaliyokosekana nyumbani. Watu watano waliweza kuwaeleza mamilioni ya wageni mambo ambayo hawakuweza kuelezana wakati wa chai.

Bi. Christine McVie alifariki dunia tarehe 30 Novemba 2022, akiwa na umri wa miaka 79. Yeye na Bw. John McVie walikuwa wamepiga muziki pamoja kwa miaka mingi baada ya talaka yao, na urafiki kati yao haukufa. Mpenzi msomaji, kama kuna mtu unayefanya kazi naye leo huku moyo wako una kidonda juu yake, usingoje mwaka upite. Kaa naye, mzungumze, mapema, kabla kanda haijachakaa.