Kula Bata Ni Rahisi, Kufuga Je?

Mnafikiria kuweka bata wawili watatu kwenye kauwanja kenu ka nyuma? Wazo zuri sana. Ila kabla hamjanunua, kaeni chini wawili na mjibu swali moja: nani atamwaga maji?

Jumamosi moja mume wangu alirudi kutoka Mwanjelwa akiwa na boksi lililotobolewa matundu. "Fumba macho," akaniambia. Nikafumba, moyoni nikijua ni viatu. Nilipofumbua, bata watatu wananiangalia: dume mmoja na majike wawili.

Swali langu la kwanza lilikuwa lile ambalo ungeuliza hata wewe: "Kitoweo?"

Akacheka. "Hapana mke wangu. Wa kufuga tu, wapendezeshe nyumba."

Mpenzi msomaji, sisi tunaishi Ilomba, jijini Mbeya, kwenye nyumba ya kupanga. Nyuma tuna kauwanja kadogo: bomba moja, kamba ya kuanikia nguo, mparachichi na matuta mawili ya chainizi. Ukipiga chafya, jirani anakuambia pole. Humo ndimo mume wangu alitaka tufuge bata. Na si wa biashara, si wa kuuza mayai. Bata wa kutuliza mawazo baada ya kazi.

Nikakubali. Kosa langu, na lake pia, ni kwamba hatukuzungumza zaidi ya hapo.

Hawa ni bata gani?

Bata wengi tunaowaona mitaani kwetu, wale wenye nyama nyekundu usoni, kitaalamu wanaitwa Muscovy. Tunawaita wa kienyeji, lakini asili yao ni Amerika ya Kusini na Kati. Si bata mzinga, na si bata bukini.

Kwa mtu wa mjini wana sifa moja kubwa: hawana kelele. Dume hapigi ile "kwa-kwa" ya kwenye katuni, anahema tu kama tairi linalotoa upepo. Jogoo atakuamsha saa kumi alfajiri wewe na mtaa mzima, bata huyu atakuacha ulale.

Dume anaweza kufika kilo 4 au 5 na zaidi, jike ni kama nusu yake. Wetu alivyokuwa anatembea, kifua mbele na hana haraka, mume wangu akampa jina la Meneja. Jina likakaa. Nitarudi kwenye hilo jina, maana lilituletea mtihani.

Na tusidanganyane, wanaburudisha. Unatoka ofisini kichwa kimejaa, unakaa kwenye kigoda na kikombe cha chai, unawaangalia wanavyofukua konokono chini ya mparachichi na kudaka inzi hewani. Dakika ishirini tu, stresi imepungua. Miezi miwili ya kwanza tulikuwa tunakaa pale wawili kila jioni, simu zimebaki ndani. Sikumbuki lini tena tulizungumza vile.

Maji, maji, maji

Halafu mvua zikaanza.

Watu wengi wanadhani bata lazima awe na bwawa. Si kweli. Anachohitaji ni maji ya kina cha kutosha kuzamisha kichwa chote, kwa sababu ndivyo anavyosafisha macho na pua. Anahitaji pia maji karibu na chakula, maana anakula na kunywa kwa pamoja. Beseni kubwa linatosha.

Tatizo ni kwamba beseni hilo linachafuka ndani ya saa chache. Bata anaingia na matope, anajisaidia humo, halafu anakunywa humo humo. Sisi tulikuwa tunabadilisha lita 20 asubuhi na lita 20 jioni. Piga hesabu: lita 40 kwa siku ni lita 1,200 kwa mwezi. Maji hayo mtu lazima ayachote, na mtu lazima ayamwage.

Nani alikuwa anayamwaga? Mimi. Mwenye wazo aliondoka asubuhi na kurudi jioni kuwaita "Meneja, Meneja", akawarushia majani ya chainizi, akaingia ndani kuangalia mpira. Mimi nilikuwa nabeba beseni na nguo za kazini. Sikusema kitu. Nikawa nanuna tu. Ukimya ukaingia ndani ya nyumba, wiki mbili tukawa tunaongea mambo ya luku na gesi.

Jirani alipopiga hodi

Aliyetuamsha ni mama wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa amejifungua karibuni. Alikuja jioni moja, akasalimia vizuri, akakaa, akauliza habari za kazi. Ndipo akasema, "Mama, sijaja kwa ugomvi. Ila ile harufu inaingia mpaka chumbani kwa mtoto. Na inzi wamezidi."

Niliona aibu. Alikuwa anasema kweli. Uwanja ulikuwa umegeuka tope, chainizi zimelala chini zimekanyagwa, na lile banda tulilolibandika kwenye ukuta wa jirani lilikuwa linanuka.

Usiku ule tuligombana kwelikweli. Alipoanza na "Basi nitawauza kesho," ndipo nikatamka kile kilichokuwa kimenikaa kooni: "Sitaki uwauze. Nataka umwage maji."

Akanyamaza. Akasema hakuwahi kufikiria. Na mimi ikabidi nikubali kwamba sikuwahi kumwambia. Ugomvi wetu haukuwa wa bata hata kidogo. Bata walituonyesha tu kitu ambacho kilikuwepo kwenye vyombo, kwenye nguo na kwenye kazi zote za nyumba: mmoja anapata raha, mwingine anapata kazi.

Tulifanya nini? Tulipanga zamu, yeye asubuhi na mimi jioni, wikiendi tunapokezana. Banda tukalihamishia upande wa pili, mbali na ukuta wa jirani, likainuliwa kutoka ardhini, tukaweka maranda makavu na kuyabadilisha kila yakilowa. Beseni likawekwa juu ya kokoto ili pasigeuke tope. Maji machafu, ambayo kwa kweli ni mbolea, tukawa tunayamwagia mparachichi, kila siku upande tofauti. Usiyamwage juu ya majani ya mboga mnazokaribia kuchuma, yanaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Matuta ya mboga tukayazungushia wavu.

Na jirani? Tulimpelekea mayai na samahani. Harufu ilipoisha, yeye mwenyewe akawa anamleta mtoto kuwaangalia.

Baridi yetu na vifaranga

Jike mmoja alipoanza kuatamia, tulisubiri mpaka tukachoka. Kuku anaangua kwa siku 21, huyu ni siku 35! Anaweza kulalia mayai 8 hadi 15, kwa hiyo kama hamna nafasi, yaondoeni mayai mapema muyale. Uwanja wa bata watatu hauwezi kubeba bata kumi na tano.

Sisi tulimwachia matano. Mbeya ya Juni na Julai mnaijua, usiku nyuzi zinashuka chini ya 10. Bata mkubwa haimsumbui sana akiwa na pakavu pa kulala. Kifaranga akilowa na kupoa, anakufa. Njia rahisi ni kumwachia mama yake, ni mlezi mzuri kuliko sisi. Na tafadhali, msiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kuwapasha vifaranga joto. Moshi wake usioonekana unaua watu usingizini.

Chakula nacho kina siri zake. Pumba za mahindi peke yake hazitoshi, changanyeni na mashudu ya alizeti, dagaa wa kusaga na majani mabichi. Mkate unajaza tumbo tu. Mahindi au pumba zenye ukungu msiwape kabisa, bata ni dhaifu sana mbele ya sumukuvu, hasa vifaranga.

Kuhusu magonjwa, bata anaweza kubeba virusi vya mafua ya ndege bila kuonekana mgonjwa. Januari 2017 jirani zetu Uganda walithibitisha ugonjwa huo kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria, na kwa bata na kuku wa kufugwa. Ndege wakifa ghafla kwa mkupuo, msiwale wala kuwagawa, mwiteni afisa mifugo wa kata. Siku za kawaida, nawa mikono kwa sabuni kila ukiwashika, na pika mayai yaive kabisa.

Mtihani wa Krismasi

Sasa turudi kwa Meneja. Desemba mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu. Akatoka uani, akamwona Meneja amenona. Mnajua heshima zetu: mgeni kama huyo anachinjiwa. Mimi na mume wangu tukaangaliana, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme.

"Mama," mume wangu akaanza, "huyu Meneja..."

"Ana jina?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa, akacheka. "Mwanangu, mimi siwezi kula mtu mwenye jina. Nendeni mkanitafutie kuku."

Tuliponea hapo. Lakini si kila mgeni atakuwa mwelewa hivyo. Amueni mapema kama hawa ni kitoweo au wa nyumbani. Vyote viwili ni halali, kisichofaa ni kila mmoja wenu kuwa na jibu lake.

Kabla hamjaleta boksi nyumbani

1. Mwenye nyumba amekubali? Na mmeuliza ofisi ya kata sheria ndogo za jiji kuhusu mifugo?
2. Nani asubuhi, nani jioni? Msiseme "dada wa kazi atafanya". Kama ni raha yenu, iwe kazi yenu.
3. Banda linafungika usiku? Vicheche na mbwa hawapigi hodi.
4. Mko tayari kupunguza manyoya marefu ya bawa moja? Majike hasa wanaruka, na watatua kwa jirani.
5. Mtaweza kwa muda mrefu? Bata akitunzwa anaweza kufikisha miaka 8 hadi 10. Mikataba mingi ya nyumba haifiki huko.
6. Msinunue mmoja. Bata anaishi kwa kundi, peke yake ananyong'onyea. Dume mmoja na majike wawili au zaidi inatosha.

Vijana wa mjini tunapenda kusema tunakula bata, yaani tunaponda raha. Mimi nimejifunza kwamba raha ya nyumbani ina beseni lake la maji machafu, na wawili wakilibeba huwa jepesi. Huu ni mwaka wetu wa pili, na bado tunakaa pale kwenye vigoda kila jioni.

Leo mume wangu amechukua zamu yangu bila kuombwa. Nasikia beseni linagonga ukuta huko nyuma, na mtu anamgombeza Meneja atoke njiani. Ngoja nikamwekee chai.