Vyombo vya Kazi Vyafika Dzaleka kwa Flashi

Sisi tunaoandika programu kwa Python tunapewa vyombo bure: pandas ya kuchambua hesabu, Django ya kujengea tovuti, Git ya kutunza kila badiliko. Gharama ni bando la kuvishusha.

Kwa hiyo mwenzetu aliyeko Lilongwe, penye intaneti, huandika:

pip download -d mzigo pandas

Folda "mzigo" hupokea pandas pamoja na maktaba zote inazozitegemea. Akifika na flashi Dzaleka, mwendo wa kilomita 40 na ushei, tunaandika:

pip install --no-index --find-links=mzigo pandas

Intaneti haihitajiki tena. Toleo la Python na aina ya kompyuta zilingane, la sivyo safari ni bure.

Mwenye kubeba flashi ni Mmalawi. Malawi ilipoingia Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 ilizihesabu baadhi ya ibara za ajira kuwa mapendekezo tu, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokaa mijini warudi kambini. Fundi wetu anajua kazi. Kibali cha kuiuza hana, nacho tunakidai.

Ndugu wa Lilongwe anayekuja wiki hii alete Django. Pandas tunayo.