Pampu ya Kuzungusha Maji ya Samaki: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Mtumiaji wa Issenye anayetaka kufuga sato nyumbani, katika tangi la zege au la turubai nzito, hufika mahali ambapo anaambiwa anunue pampu. Dukani Mugumu, Bunda au Musoma ataoneshwa maboksi mengi yenye tarakimu kubwa, na bei zinazotofautiana mno. Pampu ikichaguliwa vibaya, hasara haiishii kwenye bei yake. Inaweza kuua samaki wa miezi sita katika usiku mmoja, au kumaliza uniti za umeme za nyumba nzima. Katika sura hii tunaeleza namna ya kuisoma pampu kabla ya kuilipia.

Kwa nini maji yazungushwe

Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka katika maji. Maji safi yenye joto la nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita yakiwa pwani. Issenye iko juu zaidi ya Ziwa Victoria, ambalo lenyewe lipo mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi zaidi, hivyo maji yale yale hubeba karibu miligramu 7 tu. Mfugaji wa huku anaanza na akiba ndogo kuliko mwenzake wa Tanga au Bagamoyo.

Mchana, mwani wa kijani ulio majini hutengeneza oksijeni kwa msaada wa jua. Usiku mwani huo huo huivuta, pamoja na samaki na uchafu unaooza chini. Ndiyo maana oksijeni hufikia kiwango cha chini kabisa alfajiri, muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Ukiwaona sato wamepanda juu wakihema midomo wazi saa kumi na moja alfajiri, hiyo ni dalili ya kukosa pumzi. Kambale huvumilia zaidi kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji. Sato hana uwezo huo.

Jiulize kwanza kama unahitaji pampu

Tunaanza na ushauri ambao muuzaji hana sababu ya kuutoa. Bwawa la udongo lenye samaki wachache na lisilojazwa samadi kupita kiasi, mara nyingi halihitaji pampu ya kuzungusha maji. Kupunguza samaki, kupunguza chakula siku za mawingu mazito, na kuingiza maji mapya panapokuwa na maji, huenda kukatosha. Tena pampu ikiwekwa chini ya bwawa la udongo huvuruga tope, na tope lililovurugwa hula oksijeni ile ile unayoitafuta.

Tangi lenye samaki wengi ni jambo jingine. Humo pampu ni kama pafu la pili. Kwa tangi lenye chujio, kadirio linalotumiwa sana ni maji yote yapite katika chujio mara moja kila saa moja au mbili. Tangi la lita 10,000 litahitaji lita 5,000 hadi 10,000 kwa saa.

Kazi tatu ambazo huchanganywa

Neno pampu hufunika kazi tatu zilizo tofauti. Ya kwanza ni kuinua maji, kwa mfano kutoka kisimani hadi kwenye tangi la juu. Ya pili ni kuyasukuma ndani ya tangi bila kuyainua. Ya tatu ni kuyapitisha kwenye chujio au kuyamwaga kutoka juu ili yashike hewa.

Zipo pampu zilizobuniwa kwa matangi ya matumbawe, ambayo hufugwa katika maji ya chumvi. Matumbawe, kama yale ya Chumbe na Mafia, yamezoea maji yanayokwenda na kurudi kwa nguvu. Kwa hiyo katika matangi hayo maji huzungushwa mara 20 kwa saa na zaidi. Pampu hizo husukuma maji mengi sana kwa umeme kidogo, lakini haziwezi kuyapandisha hata mita moja. Mtu akiinunua kwa kuvutiwa na tarakimu ya lita, kisha akaifunga kwenye bomba la kupanda kwenye chujio, hatapata kitu. Pampu yenyewe haina kosa, ila imepewa kazi isiyo yake.

Tarakimu mbili zisizokutana

Kwenye boksi la pampu ya kuinua maji utaona tarakimu mbili zilizoandikwa kwa wino mzito: lita nyingi kabisa kwa saa, na kimo kikubwa kabisa kwa mita. Wanunuzi wengi huzisoma pamoja, wakidhani pampu ya «lita 6,000, mita 3» itapandisha lita 6,000 hadi mita 3. Sivyo. Lita 6,000 hupatikana pampu isipopandisha maji hata kidogo. Mita 3 ndicho kimo ambacho maji husimama na kutotoka tena. Kazi yako iko katikati ya ncha hizo mbili.

Tuchukue mfano wa kuelezea. Kaya ina tangi la lita 10,000 na inahitaji angalau lita 5,000 kwa saa. Kutoka uso wa maji hadi bomba lenye matundu juu ya chujio ni mita 1.5. Pampu ya kwanza ni ile ya lita 6,000 na mita 3, na inatumia wati 160. Kwenye mita 1.5 iko nusu ya kimo chake, na huenda ikatoa karibu lita 3,000 tu. Pampu ya pili imeandikwa lita 10,000 na mita 4, nayo inatumia wati 100. Kwenye kimo hicho hicho inaweza kutoa takriban lita 6,000. Ya kwanza ni ya bei nafuu, lakini haifikii haja. Ya pili inafikia na kubakiza kidogo.

Makadirio haya ni ya haraka. Pampu nzuri huja na mchoro unaoonesha lita kwa kila mita ya kimo. Muulize muuzaji akuoneshe mchoro huo. Kisha ongeza akiba, kwa kuwa bomba jembamba, kona nyingi na chujio lililojaa uchafu hufanya kazi kama mita za ziada za kupanda. Bomba pana lenye kona chache huokoa umeme kila siku.

Wati ndizo bei ya kweli

Pampu ya kisima huwashwa saa moja na kuzimwa. Ya kuzungusha maji ya samaki haizimwi usiku wala mchana, na kwa sababu hiyo umeme wake huizidi haraka bei uliyoilipa dukani. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha wati kwa saa 24, gawanya kwa 1,000, utapata uniti za siku moja.

Pampu ya wati 100 hutumia uniti 2.4 kwa siku, yaani uniti 72 kwa siku 30. Ile ya wati 160 hutumia uniti 115 hivi. Wateja wa TANESCO walio katika kundi la matumizi madogo ya nyumbani wana kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, na wakikivuka hutozwa bei ya juu zaidi kwa uniti zinazozidi. Maana yake ni kwamba pampu ya wati 100 peke yake karibu imalize kikomo hicho, kabla ya taa, simu na redio. Kabla ya kununua, chukua risiti yako ya LUKU, tazama bei ya uniti, na uzidishe. Ikiwa mapato ya samaki hayawezi kubeba gharama hiyo, heri kulijua jambo hilo sasa kuliko mwezi wa tatu.

Sola na saa ya hatari

Panapokosekana umeme wa gridi, mtumiaji huoneshwa pampu ya sola isiyo na betri. Ni chombo kizuri kwa kuinua maji ya kisima. Kwa kuzungusha maji ya samaki ina upungufu mkubwa: hufanya kazi jua likiwepo, wakati mwani nao unatoa oksijeni, na husimama usiku, wakati samaki wanapoihitaji zaidi. Anayekuuzia pampu hiyo kwa ajili ya samaki bila kukueleza hivyo hajakueleza jambo kuu.

Njia mbili zipo. Ya kwanza ni betri, ambayo bei yake na maisha yake lazima yaingie katika hesabu. Ya pili ni tangi la juu. Mchana sola huinua maji ya tangi la samaki hadi kwenye tangi la lita 5,000 lililoinuliwa. Saa tisa usiku hufunguliwa koki, na maji hurudi kwa mvua ya matundu hadi saa moja asubuhi, kiasi cha lita 1,250 kwa saa. Hakikisha tu kwamba tangi la samaki linabaki na maji ya kutosha mchana. Njia hii husaidia tangi lenye samaki wachache. Haitoshi palipo na samaki wengi, na hatutaki mtu aitegemee kupita uwezo wake.

Pampu ya kufyonza ina mpaka wake

Pampu inayowekwa juu ya ardhi na kufyonza maji kutoka chini hutegemea uzito wa hewa. Pwani hufyonza vizuri kutoka kina cha mita 7 hivi. Kwa mwinuko wa Issenye kadiria mita 6, nayo ni katika bomba lisilovuja. Kisima ambacho maji yake hushuka kupita hapo wakati wa kiangazi kitahitaji pampu ya kuzama. Anayekusudia kuvuta maji ya mto au ya kisima kirefu kwa ajili ya bwawa, aulize kwanza habari za kibali katika Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria.

Usalama wa watu na wa samaki

Umeme na maji huua. Pampu iwe na waya wa ardhini na plagi ya pini tatu, na ipite katika swichi inayokata umeme mara unapovuja. Umeme wa nchini ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Bamba la pampu lionyeshe hivyo. Usitie mkono majini kabla ya kuchomoa plagi, na usiache watoto kuchezea hapo. Kiungo cha waya kisilale majini, hata kikiwa kimefungwa utepe.

Kwa upande wa samaki, epuka pampu ya kuzama yenye mafuta ndani, kwa kuwa mpira wake ukichakaa mafuta humwagika majini. Mdomo wa kuvutia maji ufunikwe kwa wavu, vifaranga wasivutwe. Na kama uwezo upo, nunua pampu mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikifa usiku, nyingine itawafikisha samaki asubuhi.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

1. Pampu hii hutoa lita ngapi kwa saa kwenye kimo changu, si kwenye kimo sifuri?
2. Wati zilizo kwenye bamba la pampu ni sawa na zilizo kwenye boksi?
3. Imetengenezwa kufanya kazi mfululizo, au inahitaji kupumzika?
4. Mpira wa kuzuia maji na gurudumu la ndani vinapatikana wapi, na kwa bei gani?
5. Dhamana ni ya muda gani, nani anaitekeleza, na imeandikwa?
6. Ina alama ya ubora ya TBS au ushahidi mwingine wa kukaguliwa?

Baada ya kununua

Mweleze muuzaji wazi kazi unayoitaka, na umwombe aiandike kwenye risiti: «ya kuzungusha maji ya samaki, lita 5,000 kwa saa, kimo mita 1.5». Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humlinda mnunuzi aliyeeleza haja yake na kuutegemea ujuzi wa muuzaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo hukataza kumpotosha mlaji. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki na uitunze pamoja na boksi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku ya kwanza, pima. Weka ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa bomba, mahali pale pale maji yatakapomwagikia, na utazame saa. Gawanya 72,000 kwa sekunde ulizohesabu, utapata lita kwa saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 12, una lita 6,000. Ikijaa kwa sekunde 24, una 3,000. Andika jibu na tarehe, kisha upime tena kila mwezi. Maji yakipungua, safisha chujio na wavu kabla ya kuita fundi.

Pampu isipotoa kilichoahidiwa, rudi kwa muuzaji mapema ukiwa na risiti na vipimo vyako. Akikataa kukusikiliza, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani. Ukishuku kuwa bidhaa haina ubora unaotakiwa, liarifu Shirika la Viwango Tanzania. Mlalamikaji mwenye risiti na vipimo husikilizwa upesi kuliko mwenye maneno matupu.