Sindano za Kichina na magoti yaliyosagika

Nyumba nyingi za Kimara, jijini Dar es Salaam, zimejengwa kwenye vilima na mabonde ya kando ya Barabara ya Morogoro. Mwenye magoti yaliyosagika hulipia kila mteremko kwa maumivu, na si ajabu akavutwa na akupancha, tiba ya sindano kutoka China. Tiba hii si ngeni nchini: madaktari wa China walianza kuhudumu Zanzibar katikati ya miaka ya 1960 na Tanzania Bara mwaka 1968. Je, inasaidia?

Tuanze na goti lenyewe. Ncha za mifupa hufunikwa na gegedu, tabaka laini linalozuia msuguano. Gegedu ikilika, kiungo hukakamaa, huvimba na kuuma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 528 waliishi na tatizo hili mwaka 2019, na goti ndilo huathirika zaidi.

Sindano ya akupancha ni nyembamba na haina dawa ndani. Inapochomwa huchokoza mishipa ya fahamu, na mwili hutoa kemikali za kutuliza maumivu, zikiwemo endofini. Haioteshi gegedu upya.

Mwaka 2004, utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 570 wa goti ulionyesha kuwa akupancha ilipunguza maumivu kuliko sindano za kuigiza. Miaka miwili baadaye, Wajerumani waliwapima wagonjwa wapatao 1,000. Safari hii, sindano zilizochomwa juu juu, nje ya sehemu za akupancha, zilileta nafuu sawa na zile halisi, na zote zikayashinda matibabu ya kawaida. Kwa hiyo wataalamu wamegawanyika: mwongozo wa Marekani wa 2019 unaipendekeza kwa masharti, ule wa Uingereza wa 2022 unaikataa.

Kwangu, nafuu ya mgonjwa ina thamani, mradi isichukue nafasi ya mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito, ambayo ndiyo msingi wa tiba. Hatari kubwa ni kuchomwa sindano kabla ya kujua unaumwa nini. Baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo, huhitaji mapema dawa kama methotrexate, la sivyo viungo huharibika moja kwa moja. Goti lililovimba ghafla, lenye joto na homa, ni la kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Basi anza na daktari. Hospitali ya Mloganzila hufikiwa kwa Barabara hiyohiyo ya Morogoro, na Taasisi ya Mifupa MOI iko Muhimbili. Ukiamua kuongeza akupancha, hakikisha mtoa huduma amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa mujibu wa sheria ya 2002. Dai sindano mpya zifunguliwe mbele yako, mweleze kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na usiache dawa zako za hospitali bila ushauri wa daktari.