Wasanii wa Charleston na mtoto aliyefichwa baba yake

Wapenzi wa tamthilia tumezoea siri ya baba mzazi ifichuke sehemu ya mwisho: kilio, kofi, muziki unapanda, mchezo umekwisha. Life in Squares, tamthilia ya sehemu tatu iliyorushwa na BBC mwaka 2015, inasimulia siri kama hiyo iliyotokea kweli katika familia ya wasanii wa Uingereza. Inastahili kutazamwa kwa sababu inatufanya tuulize ni nani aliyeilipia siri hiyo.

Mwandishi wake, Amanda Coe, anawafuata dada wawili, mchoraji Vanessa Bell na mwandishi Virginia Woolf. Baba yao alipofariki mwaka 1904, walihamia Bloomsbury, London, pamoja na ndugu zao wa kiume. Nyumba yao ikawa baraza la wachoraji, waandishi na wasomi, na humo sanaa, dini na mapenzi vilizungumzwa bila kificho. Kwa wanawake waliolelewa wanyamaze mbele ya wanaume, huo ulikuwa ujasiri wa kweli.

Vanessa aliolewa na Clive Bell mwaka 1907, wakazaa Julian na Quentin. Baadaye akampenda mchoraji mwenzake, Duncan Grant, ambaye mapenzi yake zaidi yalikuwa kwa wanaume. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, wakahamia Charleston, nyumba ya shambani huko Sussex. Duncan na mpenzi wake, David Garnett, walikataa kupigana, hivyo wakafanya kazi ya kilimo badala ya kwenda jeshini.

Charleston, ambayo leo ni makumbusho, waliigeuza yote kuwa mchoro. Walipaka rangi milango, meza na kuta. Hata sanduku la kuni Duncan alilichora malaika. Ukiitazama utadhani wenyewe hawakuwa na la kuficha. Lakini nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Siku ya Krismasi mwaka 1918, Angelica alizaliwa humo. Baba yake alikuwa Duncan, ila akapewa ubini wa Bell, naye Clive akaridhia. Watu wazima wa karibu walijua. Mtoto hakujua.

Alikuja kuambiwa na mama yake mwaka 1937, kiangazi kile kile ambacho Julian aliuawa vitani Hispania akiendesha gari la wagonjwa. Akaombwa asimgusie Clive. Hapakuwa na kofi wala muziki. Duncan alibaki mtu mpole na mchangamfu yule yule, lakini hakuwahi kumlea kama binti yake. Mwaka 1942 Angelica akaolewa na David Garnett, mpenzi wa zamani wa baba yake, aliyemzidi miaka 26. Mwaka 1984 alichapisha kitabu akieleza uchungu wa kudanganywa na watu waliompenda.

Wahusika wakuu wamechezwa na waigizaji wawili wawili, wa ujana na wa utu uzima. Phoebe Fox ni Vanessa kijana, kisha Eve Best anaipokea nafasi. Mpangilio huo una maana: tunayaona maamuzi ya ujana yakigeuka deni, na deni linamfikia Angelica, anayechezwa na Lucy Boynton.

Siwalaumu wasanii hawa kwa kuishi tofauti na jamii yao. Kazi zao zimedumu, na uhuru walioupigania ulikuwa na thamani. Lakini ule ukweli waliodaiana wao kwa wao, mtoto alikuwa na haki nao kuliko wote. Waandishi wetu wa tamthilia, siri ya baba inapofichuka, msifunge hadithi. Mpeni mtoto sehemu inayofuata, aulize na ajibiwe. Nasi wazazi tusingoje mpaka awe mtu mzima: aambiwe mapema, na wanaomhusu, pasipo sharti la kunyamaza.